Kata Simu kwa Heshima: Kumkinga Mzazi na Matapeli wa Fedha za Simu

Kama una mzazi kijijini na wewe ndiye unayemtumia hela ya matumizi, kazi iliyoelezwa hapa ni yako. Usimwachie yeye. Matangazo ya kujihadhari na utapeli yanasema na mwenye simu: usimpe mtu namba ya siri, usitume hela kwa usiyemjua. Mama anayasikia redioni na anakubaliana nayo kabisa. Kisha simu yake inaita, na anayepiga hafanani na tapeli hata kidogo. Anaanza na shikamoo. Anauliza hali ya nyumbani, anasubiri ajibiwe, anampa pole na kazi za shamba. Ni kijana mwenye adabu kuliko wajukuu wengi.

Nakataa maneno ya mjini kwamba wazee wanaibiwa kwa sababu ya ushamba. Mwanamke aliyeuza ufuta na mahindi kwa madalali maisha yake yote, akaitambua mizani iliyochezewa kwa kuitazama tu, hadanganyiki kirahisi. Kinachomponza ni malezi yake. Amelelewa kwamba mtu akikusalimia vizuri humkatizi maneno, na mzazi akisikia mwanawe yuko matatani haulizi maswali mengi, anatoa. Matapeli wameyasoma hayo wakayageuza kuwa mtaji. Ndiyo maana ushauri wa "mama, kuwa mkali, watukane, kata simu" haushiki. Mama hatakuwa mkali kwa mtu aliyemwamkia. Unahitaji kumpa kinga anayoweza kuitumia bila kuacha kuwa yeye.

Jinsi wanavyomfikia

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka uliofuata. Kabla ya hapo hela ya mama ilisafiri ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi. Kondakta naye aliweza kuila, lakini ulimjua kwa sura na ulijua stendi ya kumngojea. Sasa anayempigia mama anaweza kuwa popote. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Kwangu hilo lina uzito mkubwa, maana linaonyesha kwamba wengi wa hawa watu wako humu humu nchini. Wanasema Kiswahili cha mama. Wanajua minada ya korosho huanza Oktoba, wanajua shule hufunguliwa Januari, na simu zao wanazipanga kwa kalenda hiyo.

Meseji inayojulikana kuliko zote ni ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Haina salamu wala haimtaji mtu. Hutumwa kwa namba nyingi kwa mkupuo, ikitafuta mtu mmoja ambaye asubuhi hiyo kweli alikuwa na hela ya kutuma: ada, kodi ya chumba, deni la mbolea. Kwa huyo mmoja inafika kana kwamba ni ujumbe aliokuwa anausubiri. Na hayo maneno "jina litakuja" yamewekwa makusudi, ili mtumaji akiona jina la mtu asiyemjua asishtuke. Mwambie mama kwamba akiona maneno hayo tu, ajue meseji hiyo ni ya kitapeli. Anayemdai kweli ana namba ambayo mama anayo siku zote, na ataipiga hiyo.

Nyingine ni hela ya hewa. Inaingia meseji kwamba umepokea laki moja na nusu, na dakika haijaisha mtu anapiga akilia: mama samahani, nimekosea namba, ni hela ya dawa za mgonjwa, nirudishie tafadhali. Ukiitazama meseji vizuri utaona imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, yenye tarakimu kumi, wakati taarifa halisi za mtandao huja kwa jina la huduma yenyewe. Lakini usimtegemeze mama kwenye kutambua meseji. Mtegemeze kwenye salio. Aangalie salio kabla ya kufanya lolote. Kama halijaongezeka, hakuna kilichoingia. Na kama limeongezeka kweli? Hapo pia asirudishe kwa mkono wake. Aliyekosea anatakiwa kupiga simu kwenye mtandao wake, nao watairudisha kwa utaratibu wao. Mama akituma mwenyewe, kisha yule akaenda pia kudai mtandaoni arudishiwe, hela itatoka mara mbili.

Nataka tukae zaidi kwenye simu ya "huduma kwa wateja", kwa sababu hii ndiyo inayokomba salio lote. Sikiliza inavyokwenda.

"Shikamoo mama. Naongea na," halafu anataja majina yake yote matatu, sawasawa. Mama anashangaa: amenijuaje? Amemjua kwa njia ambayo hata wewe unaweza kuitumia sasa hivi. Ukianza kumtumia mtu hela, kabla hujathibitisha, menyu inakuonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba hiyo. Tapeli ameingiza namba ya mama, akalisoma jina, akaghairi muamala. Kulijua jina la mtu hakuthibitishi chochote, na hili mzazi wako anapaswa kulisikia kwako kabla hajalisikia jina lake kwa mgeni.

Kijana anaendelea. Mama umekuwa mteja wetu mwaminifu, kampuni imekupa zawadi ya laki tano. Usikate simu mama, ukikata zawadi inakwenda kwa mwingine. Weka spika. Kwanza tuhakiki akaunti yako, inasoma salio la shilingi ngapi? Mama anasoma: laki tatu na elfu moja. Sasa mama tufungue zawadi. Bonyeza nyota, mia moja hamsini, nyota, na tarakimu zile anazozijua, halafu reli. Chagua moja. Weka namba ya usajili wa zawadi, nakutajia: sifuri, saba... Vizuri sana mama. Sasa weka namba ya uthibitisho: mbili, tisa, saba, sifuri, sifuri, sifuri. Malizia kwa namba yako ya siri, mimi usinitajie mama, hiyo ni siri yako.

Tazama kilichofanyika. "Moja" kwenye menyu ni kutuma hela. "Namba ya usajili" ni namba ya simu ya tapeli. "Namba ya uthibitisho" ni shilingi 297,000, imepunguzwa kidogo tu ili makato yasikwamishe muamala. Na mama hakumtajia mtu namba ya siri, kama redio ilivyomwambia. Amelifuata onyo la redio na hela imekwenda. Ndiyo maana "usimpe mtu namba ya siri" ni ushauri mzuri ambao peke yake hautoshi. Onyo la kumpa mama ni pana zaidi: asibonyeze chochote kwenye simu yake kwa maelekezo ya mtu aliye upande wa pili, hata kama mtu huyo anasema yuko makao makuu, polisi, benki, hospitali au ofisi ya mkuu wa wilaya. Mitandao ya Tanzania humpigia mteja kwa namba 100 tu, na hata simu hiyo haimwelekezi mtu kutuma hela.

Halafu kuna ile inayokwenda moja kwa moja moyoni. Mwanao amepata ajali, yuko wodini, daktari hawezi kuanza bila malipo. Mjukuu ameanguka shuleni, naongea na mwalimu wake. Nyuma kunasikika kelele, pengine mtoto analia. Siku hizi akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi cha video aliyoiweka mwenyewe mtandaoni, kwa hiyo hata "nimeisikia sauti yake" si ushahidi tena.

Sentensi ya kumwachia

Simu zote hizi, hata zile zitakazobuniwa mwakani, zinategemea mambo mawili: mama asikate simu, na asiongee na mtu mwingine. Ukivunja moja kati ya hayo, utapeli umekwisha. Kwa hiyo mpe sentensi moja, ileile kila mara, yenye adabu ya kumwezesha kuitamka bila kuona haya:

"Ahsante mwanangu. Mambo ya hela kwenye simu hii yako kwa mwanangu mkubwa. Ngoja nimuulize, kisha nitakupigia."

Halafu anakata. Hajamtukana mtu, hajamwita mwizi, hajafunga mlango wa zawadi kama kweli ipo. Amefanya kama inavyofanywa mtu akija kuposa au kuomba kununua kipande cha shamba: jambo haliamuliwi na mmoja, linapelekwa kwa wenzake. Wazee wetu wanauelewa utaratibu huo kuliko sisi, wamekaa nao maisha yote. Unachofanya ni kumwambia kwamba hela ya simu nayo ina kikao chake.

Usiishie kumwambia. Mfanyishe mazoezi. Kaa chumba kingine, mpigie, mwamkie kwa sauti nyingine, mpe zawadi ya pikipiki. Mara ya kwanza atacheka. Rudia siku nyingine akiwa ameshasahau. Fanya na baba pia, hata akidai yeye hatapeliki. Nimeona wanaume wazee wanavyoibiwa zaidi kwa sababu hiyo: hawataki kuonekana wanamuuliza mtu.

Kwa simu ya ajali na mgonjwa, chagueni swali la nyumbani. Lisiwe siku ya kuzaliwa wala jina la shule, hayo yako Facebook. Liwe jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote: ng'ombe aliyekufa mwaka ule wa ukame aliitwa nani, babu alikuwa anamwitaje mdogo wako. Anayesema ni wewe, au anayesema ameketi na wewe, aulizwe hilo. Akishindwa, mama anakata na kukupigia wewe kwa namba yako ya kawaida. Usipopatikana ampigie nani? Hili lijibuni mapema: ndugu wawili watakaopigiwa kwa zamu, namba zao zikiwa zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na anapochajia simu. Tapeli anaweza kukupigia wewe mfululizo hadi uzime simu, kisha akampigia mama akijua hutapatikana.

Siku utakapokwenda nyumbani

Mambo mengine hayafanyiki kwa simu. Ukienda kwa Krismasi, Idi au msiba, tenga asubuhi moja ukae na simu ya mzazi wako.

Anza na laini yenyewe. Usajili wa laini kwa alama za vidole Tanzania ulikuwa na mwisho wa Desemba 31, 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na nchi nzima ilikimbizana. Wazee wengi hawakuwa na kitambulisho cha NIDA wakati huo, na wengine vidole vilikuwa vimelika kwa jembe hata mashine ikakataa kuvisoma. Ikawa laini ya bibi inasajiliwa kwa jina la mjukuu, la jirani, au la kijana wa meza ya usajili pale gulioni. Huyo ndiye mwenye laini kwa macho ya mtandao. Anaweza kuirudisha upya kwenye simu yake akasema amepoteza, na salio likamfuata. Na siku mama akitapeliwa na kupiga simu kulalamika, ataulizwa majina ya mwenye laini, naye hatayajua. Bonyeza *106# kwenye simu ya mama uangalie usajili na namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikiwa laini si ya jina lake, nendeni naye kwenye duka la mtandao husika mkabadilishe umiliki. Ikiwa kuna namba asizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, zifuteni siku hiyo hiyo, maana kesho tapeli anaweza kukamatwa akitumia jina la mama yako.

Kisha namba ya siri. Bandua kava la simu. Kwa wazee wengi utakuta kipande cha karatasi kimekunjwa, chenye tarakimu nne. Ukiuliza utaambiwa ni mwaka wa kuzaliwa, ili asisahau. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho, zikianza na mwaka. Yeyote aliyewahi kupewa nakala ya kitambulisho cha mama, na nakala hizo zimezagaa kwenye kila ofisi, ameshapewa namba yake ya siri. Ibadilisheni. Kwa mzazi asiyesoma, namba inafundishika kwa vidole: kwenye kitochi, kitufe cha tano kina kinundu kidogo katikati, na kutoka hapo kidole kinajifunza kupanda, kushuka, kulia, kushoto. Rudieni hadi kidole kizoee, kisha karatasi ichomwe.

Angalia pia kama simu zake zinapelekwa kwingine. Kuna matapeli wanaomwelekeza mtu abonyeze nyota ishirini na moja na namba fulani, na kuanzia hapo simu zinazoingia kwake zinapokelewa na wao. Bonyeza *#21# uone. Ukikuta imeelekezwa, ##002# inafuta maelekezo yote.

Halafu nenda naye kwa wakala wake wa siku zote, umtazame anavyotoa hela. Mara nyingi utaona hivi: mama anamkabidhi wakala simu, anamtajia namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni, anapokea noti. Wakala huyo pengine ni mwaminifu kweli na anamheshimu mama kama mamaye. Lakini walio nyuma kwenye foleni nao wamesikia. Kabla hujamlaumu mama, jiulize kwa nini hafanyi mwenyewe. Wazee wengi hawaoni maandishi ya simu. Mnunulie miwani ya kusomea, mkuzie maandishi kama simu inaruhusu. Sijaona programu ya ulinzi inayomfaa mzee kama miwani, maana akiona ataweza kusoma jina la anayemtumia hela kabla ya kuweka namba ya siri, na hapo pekee ndipo utapeli mwingi unaweza kushtukiwa ukiwa bado haujatokea.

Kama macho au mikono imeshachoka kabisa, mteueni msaidizi mmoja, kwa uwazi, familia nzima ikijua. Mjukuu ashike simu, bibi aweke namba ya siri. Msiliache liwe jambo la yeyote aliyepo, maana siku hela itakapopungua kila mtoto aliyewahi kuishika simu hiyo atakuwa mtuhumiwa, na nimeshuhudia nyumba ikigawanyika kwa sababu ya elfu ishirini ambazo pengine zilikuwa makato.

Hela unayotuma

Tapeli hawezi kuiba kisichokuwemo. Laini ya mama si mahali pa kuweka hela ya korosho ya msimu mzima wala ya kumalizia nyumba. Hiyo ikae benki au kwenye chama cha akiba na mikopo, na simu ibaki na ya matumizi. Najua kutuma mara nyingi kunaongeza makato. Ila kuna malipo ambayo hayana haja ya kupita kwa mama: umeme wa LUKU unanunua ukiwa mjini na kumsomea tarakimu 20 za tokeni, dawa na mahitaji ya dukani unalipa kwa lipa namba ya mwenye duka, mama anachukua mzigo tu. Ukilipa hivyo, soma jina la biashara linalotokea kabla ya kuthibitisha, kama unavyomfundisha yeye.

Na uwe na desturi moja: piga kwanza, taja kiasi, kisha tuma mkiwa bado mnaongea. Mama akizoea kwamba hela ya kweli hutanguliwa na sauti yako, inayokuja bila sauti itamtia shaka yenyewe.

Mama mwenye simu janja ana hatari mbili zaidi. Kwanza ni magroup ya uwekezaji, yanayosambazwa na watu anaoswali au kusali nao. Watanzania waliokuwa wakubwa mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, ambako watu "walipanda mbegu" ili "wavune" mara mbili, hadi serikali ilipoifunga na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Leo mbegu inapandwa kwa simu, hesabu ni ileile: anayevuna analipwa kwa mbegu ya aliyepanda nyuma yake. Pili ni programu za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha kidijitali bila leseni. Nyingi za aina hiyo husoma orodha ya namba zako na kuwapigia ndugu zako kuwatishia. Kwa hiyo kama wewe mwenyewe umekopa huko, mwambie mama leo, ukimeza aibu. Vinginevyo mtu atampigia akisema mwanao anadaiwa na atafungwa, naye atalipa kwa siri ili kukusitiri.

Ikishatokea

Matapeli huitoa hela au kuihamisha upesi sana, kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Piga 100 kwa laini iliyotuma, eleza ni utapeli, taja namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye meseji. Mitandao kadhaa imeweka pia kwenye menyu yake kipengele cha kurudisha muamala uliokosewa. Kitumie papo hapo huku mwingine akipiga simu. Hela ikiwa bado imo kwenye akaunti ya tapeli inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa, njia inakuwa ndefu. Meseji zisifutwe hata moja, hata zile zinazomuumiza mama kuziona.

Kisha nendeni kituo cha polisi mkafungue jalada, mpewe namba ya taarifa, yaani RB. Utapeli wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na bila RB mtandao hauna pa kuanzia kufuatilia zaidi. Namba iliyotumika itoleeni taarifa TCRA: sambaza meseji hiyo kwenda 15040 na ufuate maelekezo ya kuingiza namba ya tapeli. Fanya hivyo hata kama hakuna kilichoibwa, maana namba hiyo hiyo iko njiani kwenda kwa mama wa mtu mwingine.

Kwa aliye na wazazi Kenya kwenye laini ya Safaricom, meseji ya kitapeli husambazwa kwenda 333 bila malipo, muamala uliokosewa huombewa kurudishwa kwa kusambaza meseji yake kwenda 456, na kampuni humpigia mteja kwa 0722 000000 pekee. Bonyeza *100*100# kwenye simu ya mzazi ili laini yake isiweze kubadilishwa popote isipokuwa kwenye duka la kampuni.

Jihadharini na simu ya wiki inayofuata. Atapiga mtu akisema ni askari wa upelelezi, au wakili, hela ya mama imepatikana, inatakiwa shilingi kidogo za kuifungulia. Ni wale wale, au waliouziwa namba na wale wale. Aliyetapeliwa mara moja huandikwa kwenye orodha zao kama mtu anayelipa.

Sasa mama mwenyewe. Atakuwa ameshaambiwa na majirani kwamba ameingizwa mkenge, na atakuwa amekaa siku mbili bila kukwambia, akitafuta namna ya kuirudisha mwenyewe kabla hujajua. Ukianza na "lakini mama si nilikwambia", hii ndiyo mara ya mwisho kukwambia jambo. Tukio la pili utalisikia kwa wengine, hela ikiwa imeshatolewa. Anza na pole. Mwambie kilichotokea kimewapata pia watu waliosoma, wafanyakazi wa ofisini, hata mawakala wenyewe wanaoshika miamala kutwa. Kisha muulize taratibu yule mtu alianzaje, alisema nini, mama alishtuka wapi. Karibu kila aliyetapeliwa anakumbuka mahali alipopata shaka akainyamazisha. Mwonyeshe mahali hapo. Ndipo sentensi yake inapotakiwa kuingia.

Usimnyang'anye simu wala usihamishie hela yote kwa mdogo wako. Nimeona familia zikifanya hivyo kwa nia njema, na mzee akabaki kuomba hela ya chumvi kwa mtoto aliyemzaa. Mwezi unaofuata mpigie, mtajie kiasi, mtumie kwa namba yake ileile, naye akasimame kwa wakala kama kawaida. Akikutana na wenzake wa VICOBA, mwombe asimulie yote, kuanzia shikamoo hadi namba ya uthibitisho. Wanachama wengi wa kikundi chake wana laini za mtandao uleule na wamepokea malipo ya msimu uleule, na yule kijana ana namba zao pia.